Mwenye fedha anataka masta zetu, na mwenzangu anataka tusaini

Dada, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, ninachana mistari ya rap. Mchana watu wananijua kama mpokea simu wa kituo cha huduma kwa wateja, na hiyo kazi ndiyo inayonilisha. Lakini tangu nikiwa na miaka 15 mimi ni emsii, na sijawahi kujiona kitu kingine.

Kundi letu ni la watu wawili, mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Tulianza kwa kupokezana mistari nyuma ya darasa tukigonga dawati, na leo tuna nyimbo 11 zilizokamilika, ambazo bado hatujaziachia. Studio tumelipa wenyewe, kila mwisho wa mwezi kidogo kidogo. Biti nane katika hizo, yaani muziki tunaochania juu yake, ametengeneza prodyuza ambaye ni mshkaji wetu. Hakutudai hata senti, alisema tu “tutaongea zikitoka.” Biti mbili tulizishusha mtandaoni, zimeandikwa kwamba ni za bure. Moja nimetengeneza mwenyewe kwa kukata kipande cha wimbo wa zamani ambao marehemu baba alikuwa anaupenda sana.

Miezi michache iliyopita tulipafomu kwenye shoo ndogo, akatufuata bwana mmoja. Ana fedha, anasema anaanzisha lebo, na sisi tutakuwa wasanii wake wa kwanza. Ametuletea mkataba wa kurasa sita. Nimekunakilia vifungu vinavyonitia wasiwasi. Yeye atagharamia kumalizia albamu, video mbili na matangazo. Kifungu cha 2 kinasema masta za nyimbo zote 11, yaani rekodi zenyewe, na chochote tutakachorekodi kwa miaka mitano, ni mali ya lebo, na lebo inaweza kuongeza miaka mingine mitano ikitaka. Cha 3, nusu ya mapato yote ni yake, shoo zikiwemo. Cha 4, gharama zote alizotoa “zitarejeshwa kutoka katika fungu la wasanii.” Cha 6, tunathibitisha kwamba muziki wote ni wetu na hakuna mtu mwingine anayeudai. Cha 9, jina la kundi ni mali ya lebo. Kwa mdomo ameahidi kwamba video zitafikisha watazamaji laki kadhaa ndani ya wiki na kwamba ana watu wa kutuingiza kwenye orodha kubwa za nyimbo.

Mwenzangu anataka tusaini. Mke wake ana ujauzito wa mtoto wa pili, na maneno yake ni haya: “Tumesota miaka yote hii, nani mwingine atakuja?” Sina jibu la kumpa. Mama yangu haniambii niache muziki, ila kila nikirudi studio usiku ananiuliza kama nimekula, halafu anauliza wanasemaje kazini kuhusu kupandishwa cheo. Namwelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tangu karatasi zile zije sijaandika mstari hata mmoja. Nafungua daftari, nakaa nalo, nalifunga. Haijawahi kunitokea.

Bwana huyo ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Nisaini? Nigome, nimpoteze rafiki yangu? Au ndiyo umri umeniambia niache?

Emsii wa Zamu


Marahaba, mdogo wangu.

Jibu nalitanguliza ili usilisake: mkataba huo usiusaini jinsi ulivyo. Kuacha muziki nako sioni sababu. Na mwenzako hujampoteza bado, tutamfikia.

Naanza na kifungu cha 4 kwa sababu kimeandikwa kwa upole na ndicho kinachomaliza wasanii wengi. Tufanye hesabu kwa namba nyepesi. Chukua bwana huyo ametoa 100. Albamu ikaingiza 200. Nusu yake ni 100, anaichukua. Nusu yenu ni 100, nayo yote inakwenda kumrudishia zile alizotoa, maana ndivyo kifungu kinavyosema: kutoka katika fungu la wasanii. Hapo yeye ameshika 200. Mtaji wake umerudi wote na amepata faida inayolingana nao. Ninyi wawili mna sifuri, na masta ni zake. Albamu mmeilipia ninyi, mwenye nayo ni yeye. Mtu akikopeshwa fedha za kujenga nyumba, siku anayomaliza deni nyumba inakuwa yake. Hapa mnamaliza deni na nyumba inabaki kwa mkopeshaji.

Sasa chukua albamu ileile na 200 zilezile, lakini gharama zitolewe kwanza kabla ya kugawana. Zinatoka 100 za kumlipa, zinabaki 100, anachukua 50 na ninyi 50. Maneno yaliyobadilika kwenye karatasi hayazidi matano. Ndiyo maana nasisitiza mkataba usomwe na kalamu mkononi na kikokotoo mezani, na kila penye neno “nusu” muulize: nusu ya nini, na kabla au baada ya kutoa nini?

Kwenye shoo swali hilo linauma zaidi. Kifungu cha 3 kinasema nusu ya mapato yote. Hata deni lake likiwa limeisha, promota akiwalipa 100, bwana anaondoka na 50. Zile 50 zilizobaki ndizo zimlipe DJ, zilipe nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, zilipe na mahali pa kulala kama shoo ni ya mbali. Tuseme hayo yote yamekula 30. Mnabaki na 20, kumi wewe na kumi mwenzako, mkiwa mmesimama jukwaani saa nzima na asubuhi wewe unaingia zamu. Na kifungu hakisemi kama shoo ameitafuta yeye au mmeitafuta wenyewe. Mtu aliyekaa kwake wakati ninyi mnahangaika na promota hastahili nusu ya kazi hiyo.

Nije kwenye masta. Wimbo mmoja una haki mbili ndani yake, na watu wengi wanaochana vizuri hawajawahi kuelezwa hili. Kuna utunzi, yaani mashairi na muziki wenyewe, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku ile, ambayo ndiyo masta. Anayetaka kuweka wimbo wenu kwenye filamu au tangazo anahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Ukimpa mtu masta umempa uamuzi juu ya sauti yako iliyorekodiwa: itoke lini, ikae wapi, iondolewe lini. Lebo yake ikifa baada ya mwaka, na lebo nyingi changa hufa, nyimbo zenu zitalala kwenye kompyuta ya mtu ambaye hapokei tena simu, na ninyi hamtakuwa na ruhusa ya kuziachia. Na kila mtakachorekodi kwa miaka mitano, au kumi akitaka, kitakuwa chake pia. Utakuwa na 39.

Haki ya utunzi, kwa upande mwingine, unayo tayari. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi zaidi ya 180 zimeuridhia, unasema haki ya mtunzi inaanza pale kazi inapotungwa, bila sharti la kuisajili kwanza. Kusajili kunasaidia siku ya ugomvi, na kujiunga na chama cha hakimiliki cha nchi yenu kunawawezesha kulipwa nyimbo zikipigwa redioni au hadharani. Mkajiunge, wote wawili na prodyuza wenu. Ila msidhani mnasubiri mtu awape umiliki.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi fedha za watu ni haramu. Kuna dhana imewakaa vijana wengi kwamba msanii anayejitegemea ni yule asiyechukua shilingi ya mtu na anayefanya kila kitu peke yake, na dhana hiyo inawachosha wenye vipaji hadi wanaacha. Mtazame Chance the Rapper wa Chicago. Hakuwa na lebo, na mwaka 2017 akashinda Grammy ya albamu bora ya rap kwa kazi iliyotoka mwaka 2016 kwa njia ya kusikilizwa mtandaoni tu. Lakini alieleza mwenyewe hadharani kwamba Apple ilimlipa dola 500,000 ili kazi hiyo ikae kwao peke yao kwa wiki mbili. Alichowauzia ni muda. Wiki mbili zikaisha, kazi ikarudi mikononi mwake, na fedha ziko benki. Kundi la rap la Macklemore na Ryan Lewis nao walipotoa albamu yao ya mwaka 2012 bila lebo walilipia huduma ya usambazaji kwenye kampuni iliyo chini ya Warner, kampuni kubwa ya muziki, wakabaki wenye mali. Walikodi mikono ya wengine.

Hiki ndicho ninachotaka ukishike, mdogo wangu: muda unauzwa, kazi inakodishwa, umiliki haugawiwi kwa video mbili.

Na nisikufiche upande mgumu. Rapa Little Simz wa London anatoa kazi zake kupitia lebo yake mwenyewe, na mwaka 2022 alishinda Mercury Prize, tuzo kubwa ya albamu huko Uingereza. Mwaka huohuo alifuta ziara yake ya Marekani, akasema wazi kwamba yeye ni msanii anayejitegemea, anayelipa kila kitu kutoka mfukoni, na ziara ile ingemwachia hasara kubwa. Msanii wa kiwango kile. Kwa hiyo mwenzako anaposema mmesota, yuko sahihi, na kusota hakutaisha mkiwa huru. Uhuru hauji na mshahara. Ndiyo sababu ile kazi yako ya simu nakuomba uitazame kwa jicho jingine. Kwa sasa hiyo ndiyo lebo yenu. Ndiyo iliyolipa studio, wala haikudai masta. Rapa Too Short wa Oakland, Marekani, alianza miaka ya 1980 kwa kuuza kaseti zake mkono kwa mkono, mtaani kwake, kabla kampuni kubwa haijajua jina lake. Hip-hop yenyewe, tangu ile sherehe ya DJ Kool Herc na dada yake huko Bronx, New York, Agosti 1973, ilijengwa na watu waliotumia walichonacho. Herc alikuwa na santuri na spika, dada yake alitaka fedha za nguo za shule, wakatoza kiingilio.

Ahadi za mdomo nitazipita haraka. Kama mtu anakuhakikishia laki kadhaa ndani ya wiki kwa kundi ambalo halijatoa wimbo, muulize watazamaji hao wanatoka wapi. Watazamaji wa kununua ni roboti. Majukwaa yanawafuta, na Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, ilianza mwaka 2024 kuwatoza faini lebo na wasambazaji wanaopeleka nyimbo zenye usikilizwaji wa bandia. Msambazaji akitozwa, wimbo unaoshushwa ni wenu. Mwaka huohuo Spotify iliweka pia sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi. Hiyo ni habari ya kweli ya kupangia: mara elfu za watu halisi, watu ambao wakikuona kwenye shoo wanamalizia mstari wako. Rapa Nipsey Hussle mwaka 2013 alitoa nakala 1,000 tu za kazi yake, akaziuza dola 100 kila moja, huku kazi hiyohiyo ikipatikana bure mtandaoni. Waliolipa walijua wanamlipa nani na kwa nini. Watu kama hao hawanunuliwi na mwekezaji. Anawapata msanii mwenyewe, mmoja mmoja.

Sasa kaa chini, maana hapa mwenye kosa si bwana mwenye fedha. Kifungu cha 6 kinawataka mthibitishe kwamba muziki wote ni wenu. Mkisaini hicho leo mtakuwa mmesaini uongo, na anayeshtakiwa kwa uongo huo ni ninyi.

Yule prodyuza mshkaji ana haki kwenye biti nane. Hajawauzia, hajawapa kwa maandishi, amesema mtaongea. Wimbo ukibaki chini ya kitanda urafiki unatosha. Wimbo ukianza kuingiza fedha, kila mmoja atakumbuka maneno tofauti, na wala hakutakuwa na mwongo kati yenu, kumbukumbu ndivyo zilivyo. Mfuateni wiki hii. Msiende na wakili, nendeni na karatasi. Kila wimbo uwe na ukurasa wake: jina la wimbo, tarehe mliyorekodi, majina kamili ya waliohusika kama yalivyo kwenye vitambulisho, na mbele ya kila jina asilimia yake ya utunzi na asilimia yake ya masta. Jumla ya kila safu iwe 100. Wote watatu msaini, kila mmoja abaki na nakala. Njia moja inayotumika sana kwenye rap ni nusu ya utunzi kwa aliyetengeneza muziki na nusu kwa walioandika mashairi, kwa hiyo 50 kwake na 25 kwa kila mmoja wenu. Si sheria, mnaweza kukubaliana vingine. Kwenye masta muwe wakweli kuhusu nani alilipa studio. Kama kuna wimbo ambao kiitikio alikitunga yeye, sema kabla hajasema. Na kama kiitikio kimeimbwa na mtu mwingine hata kwa sekunde kumi, mtafuteni naye.

Zile biti mbili za bure, rudini pale mlipozishusha msome masharti mpaka chini kabisa. Mara nyingi “bure” maana yake ni bure kwa kujifunzia au kwa wimbo usioingiza fedha. Ukitaka kuuweka kwenye majukwaa yanayolipa, unatakiwa ukodi biti, na hata ukodishaji wa bei ya chini huwa na kikomo cha mara za kusikilizwa, na biti hiyohiyo anaweza kukodishiwa msanii mwingine kesho. Kuna hatari nyingine ambayo wengi wanakutana nayo wakiwa wameshaachia: mtu mwingine aliyetumia biti ileile akisajili wimbo wake kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, video yenu inaweza kudaiwa, na mapato ya matangazo yakaenda kwake. Lipieni leseni ya kueleweka, au mwombeni prodyuza wenu awatengenezee biti mpya juu ya mashairi yaleyale. Mimi ningechagua hilo la pili.

Wimbo wa baba ndio unaonipa huzuni, kwa sababu najua ndio unaoupenda zaidi. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimzuia rapa Biz Markie kuendelea kuuza wimbo uliochukua kipande cha mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kampuni za muziki zikaacha kulichukulia jambo hili kirahisi. Kumpa mpiga gita akupigie upya kile kipande kunaondoa nusu tu ya tatizo, yaani rekodi. Utunzi bado una mwenyewe, au warithi wake. Anza kuwatafuta taratibu, andika barua ya heshima, eleza baba yako aliupenda vipi. Wengine hukubali kwa fungu la mapato. Mpaka wakujibu, wimbo huo kaa nao, upige nyumbani, na kwenye shoo umuulize kwanza promota kama ukumbi wake una kibali cha muziki.

Unaona tulipofika. Kati ya nyimbo 11, nane zinaweza kuwa safi ndani ya wiki moja kwa karatasi tu. Hizo nane zinaweza kutoka bila bwana yeyote. Wasambazaji wa mtandaoni kama DistroKid wanatoza ada ya mwaka na kuwaachia mapato yote, ingawa mkiacha kulipa nyimbo zinaweza kushushwa. CD Baby wanalipwa mara moja kwa kila kazi na kuchukua asilimia 9 ya mapato ya mtandaoni. Pigeni hesabu ipi inawafaa watu wenye mshahara wa zamu. Msiachie nane kwa siku moja. Achieni moja, muisindikize kwa wiki sita kwenye kila jukwaa dogo litakalowapokea, ndipo ifuate ya pili. Ikifika ya nne mtakuwa mnajua mashabiki wenu ni akina nani, na atakayekuja na mkataba atakuta meza ina watu wawili wanaojua thamani yao.

Na bwana huyu msimfukuze. Inawezekana hana nia mbaya. Wenye fedha wengi wanachukua mkataba wa mtu mwingine, wanabadilisha majina. Mjibuni kwa maandishi, kwa adabu, kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambieni mnamkodishia nyimbo nane tu kwa miaka mitatu, masta zinabaki zenu, gharama zinarejeshwa kwanza kabla ya kugawana, na kila gharama inaonyeshwa kwa risiti na kukubaliwa nanyi kabla haijatumika. Shoo anazozileta yeye apate asilimia baada ya kutoa DJ na nauli, shoo mnazozitafuta wenyewe asiguse. Kuongeza muda kuwe kwa saini za pande zote mbili. Kifungu cha 9 kifutwe chote. Atakachojibu kitawaeleza alikuwa anawataka ninyi au anazitaka nyimbo. Akikubali, hapo ndipo mtafute wakili wa kupitia maneno, hata kwa saa moja.

Tumefika kwa mwenzako. Umeniandikia habari ya mtoto wa pili katika sentensi moja ukaendelea na mengine, na mimi nadhani mkataba wote uko ndani ya sentensi hiyo. Ameona mlango mmoja na ana haraka, kwa sababu nyumbani kuna tarehe isiyosogea. Usiende kwake na hoja za masta. Kwanza muulize anahitaji kiasi gani na lini, umsikilize mpaka amalize. Huenda kiasi hicho kinapatikana bila kuuza nyimbo: zamu za ziada, shoo mbili tatu za harusi, hata wewe kumwachia fungu lako la shoo kwa miezi kadhaa na kuliandika. Halafu mwonyeshe ile hesabu ya 100 na 200. Namba anazielewa, maana yeye ndiye mwenye familia, na mkataba huu haumpi hata hela ya nepi mpaka bwana awe amerudisha zake.

Wala hamjawahi kuandikiana ninyi kwa ninyi, nadhani. Jina la kundi ni la nani mmoja akiondoka? Nyimbo za pamoja mmoja anaweza kuzipafomu peke yake? Andikeni mkiwa bado mnapendana. Na kama baada ya yote bado anataka kusaini, asaini kwa jina lake na kwa kazi zake zijazo. Zile 11 hawezi kuziuza peke yake, na wewe una haki ya kukataa. Mwambie hivyo kwa sauti ya chini, uso kwa uso, usimtumie ujumbe.

Kuhusu mama, anakuuliza kama umekula kwa sababu hajui aulize nini kingine. Mwalike shoo. Sijui kama amewahi kukuona jukwaani. Barua yako haisemi.

Na daftari. Hili nimeliacha nyuma lakini ndilo nililolifikiria muda mrefu kuliko vifungu vyote. Ulikuwa ukiandika kwa ajili ya wawili mliopokezana nyuma ya darasa. Karatasi zile zilipoingia, kila mstari ukaanza kuuliza utaingia kwenye umiliki wa nani. Kifungu cha 2 kinasema chochote mtakachorekodi kwa miaka mitano. Mikono yako imekielewa kabla ya kichwa chako. Kwa hiyo usijilazimishe kuandika ngoma. Andika kitu kisichorekodiwa. Una kazi ambayo watu wanakupigia simu kutwa wakiwa wamekasirika, wamechanganyikiwa, wengine wanalia kwa sababu laini imefungwa, na wewe unajibu kwa sauti moja tulivu uliyofundishwa. Sijasikia emsii aliyeiandika kazi hiyo kutoka ndani. Chukua simu moja tu ya leo, bila jina la mteja, iandike kama ilivyokwenda, maneno yake na maneno yako, halafu yale uliyotaka kumjibu na hukuruhusiwa. Vina vije vikitaka. Mistari minane inatosha kwa usiku mmoja.

Prodyuza kwanza, mwenzako pili, bwana mwenye fedha mwisho. Usibadilishe mpangilio huo, na akikupigia kabla ya siku yake kukuharakisha, mwambie jibu linakuja kwa maandishi. Likirudi lake, niandikie alichosema kuhusu kifungu cha 9.